PIKIPIKI MPYA INUNULIWE PAMOJA NA MWEZI WAKE WA KWANZA

(Maneno ya fundi wa pikipiki kwa vikundi vya kuweka na kukopa, katika makazi ya wakimbizi ya kusini-magharibi mwa Uganda. Asiyejua kusoma asomewe na jirani yake.)

Viongozi wa vikundi, akina mama na akina baba, na ninyi vijana mliosimama kule nyuma:

Nimeombwa niseme juu ya kununua pikipiki mpya na kuizoea. Wengine wetu tunaiita moto, wengine tukutuku, na wenyeji wetu hapa Uganda wanaiita boda. Jina hilo la boda boda lilianzia Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, katika miaka ya 1960, watu walipokuwa wakibebwa kwa baiskeli kutoka mpaka hadi mpaka. Leo pikipiki ndiyo inayompeleka mama mjamzito kwenye kituo cha afya usiku, ndiyo inayopeleka mahindi sokoni, na ndiyo kazi ya vijana wengi. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi, kufanya biashara na kuwa na mali. Kwa hiyo vikundi vingi vikigawana akiba mwisho wa mwaka, neno la kwanza ni hili: tununue pikipiki.

Mimi sina neno la kuwazuia. Nina neno moja la kuwaomba mlishike. Msinunue pikipiki kabla hamjanunua na mwezi wake wa kwanza. Maana yake ni kwamba mwezi wa kwanza pikipiki mpya haina faida. Ni mwezi wa injini kuzoea kazi na wa dereva kuzoea pikipiki na barabara. Mwezi huo una gharama yake, na gharama hiyo iwe kwenye sanduku la kikundi siku mnapokwenda dukani. Nitawaeleza sababu moja baada ya nyingine.

1. HESABU KABLA YA DUKA

Tufanye mfano. Hii si bei ya duka lolote, ni hesabu ya kujifunza tu. Tuseme pikipiki kwa pesa taslimu ni shilingi 5,500,000. Kwa mkopo, mwenye duka anataka shilingi 600,000 za kutanguliza, kisha shilingi 70,000 kila wiki kwa wiki 104, yaani miaka miwili. Sabini elfu mara 104 ni shilingi 7,280,000. Ongezeni zile 600,000 za kwanza, jumla ni 7,880,000. Mkopo umewagharimu shilingi 2,380,000 zaidi ya bei ya taslimu. Sisemi mkopo ni mbaya. Wasio na pesa zote wana njia gani nyingine? Nasema tu mjue mnalipa nini.

Sasa gawanyeni zile 70,000. Kwa siku 7 ni shilingi 10,000 kila siku. Lakini je, mtafanya kazi siku 7? Kuna siku ya ibada. Kuna siku ya mvua kubwa. Kuna siku ya kupanga mstari wa posho. Mkifanya kazi siku 5 tu, deni ni shilingi 14,000 kila siku, kabla ya petroli, kabla ya oili, na kabla dereva mwenyewe hajala.

Hapo ndipo shida inapoanzia. Nilitengeneza pikipiki ya kikundi kimoja cha watu kumi na wawili. Waliichukua kwa mkopo siku ya Jumamosi. Sanduku lilikuwa tupu, kwa hiyo Jumatatu asubuhi kijana wao alikuwa barabarani akibeba watu wawili na gunia, maana wiki ilikuwa inamngoja. Oili ya kwanza haikubadilishwa, kwa sababu siku ya kusimama haikupatikana. Ilipungua kidogo kidogo bila mtu kuitazama, na wiki ya sita injini ikashika. Pikipiki ikakaa kwangu wiki tatu wakitafuta pesa za vipuri. Deni halikukaa. Mkopeshaji akaja akaichukua, na pesa za kutanguliza hazikurudi. Katika pesa hizo mlikuwa na karo za watoto.

Kijana yule hakuwa mvivu wala mlevi. Alikuwa na deni lililoanza siku ileile na kazi. Kama wangekuwa na malipo ya wiki nne kwenye sanduku, katika mfano wetu shilingi 280,000, pamoja na pesa za oili ya kwanza, angeweza kwenda polepole.

Kwa hiyo bei ya pikipiki ihesabiwe hivi: pesa za kutanguliza, malipo ya wiki nne, kofia ngumu mbili, karatasi zote, oili ya kwanza, na petroli ya kujifunzia. Kama jumla hiyo haijatimia, subirini mzunguko mmoja zaidi wa akiba. Dukani pikipiki zitakuwapo.

2. KARATASI NA MKATABA

Kabla ya kuweka kidole au sahihi, mkataba usomwe wote. Kama umeandikwa kwa Kiingereza, tafuteni mtu wa kuwatafsiria kwa Kiswahili, tena asiwe mtu wa duka. Ulizeni mambo manne na majibu yawe ndani ya maandishi:

(a) Tukikosa kulipa wiki moja, mtatungoja siku ngapi?
(b) Mkiichukua pikipiki, zile tulizokwisha kulipa zitakuwaje?
(c) Kadi ya pikipiki, ambayo watu hapa huita logibuku, itakaa kwa nani mpaka deni liishe?
(d) Siku deni linapoisha, kadi itaandikwa jina la nani, na nani atalipia kuandikisha?

Msikubali pikipiki iandikwe jina la rafiki kwa sababu tu ni njia ya haraka. Rafiki anaweza kuhama, kukosana nanyi, au kufariki. Akifariki, watoto wake wakiona jina la baba yao kwenye kadi, watasema ni mali ya baba yao, na hawatakuwa wamesema uongo. Kabla ya kutoa pesa, nendeni na kadi zenu za wakimbizi kwa watu wa msaada wa kisheria, muulize njia ya kuiandikisha kwa jina lenu au la kikundi chenu.

Siku ya kuipokea, inameni msome namba ya injini na namba ya fremu zilizogongwa kwenye chuma. Zilinganishwe na zile za kwenye karatasi, tarakimu kwa tarakimu. Risiti iwe na jina la kikundi. Bima ya mtu wa tatu ni lazima kwa sheria; ndiyo inayomsaidia mtu utakayemgonga. Dereva awe na leseni, ile wanayoiita paamiti, ya daraja A, ambalo ni daraja la pikipiki. Asiye nayo hajawa dereva, hata kama aliendesha miaka kumi kule tulikotoka.

3. INJINI BADO CHANGA

Ndani ya injini mpya kuna vyuma vinavyosuguana kwa mara ya kwanza. Pistoni na ringi zake zinatafuta nafasi yake ndani ya silinda. Vyuma hivyo bado vina ncha ndogo zisizoonekana kwa macho. Vikisuguana taratibu, vinalainishana. Vikilazimishwa vikiwa na joto kali, vinakwaruzana, na mkwaruzo huo hauponi.

Kila pikipiki mpya ina kitabu chake. Kitabu hicho msikifanye karatasi ya kuwashia moto. Kinaeleza mwendo wa kilomita za kwanza. Kama hamwezi kukisoma, kumbukeni haya:

- Kwa kilomita 1000 za kwanza msivute mafuta mpaka mwisho. Nusu inatosha.
- Msikae na mwendo mmoja kwa muda mrefu. Ongeza kidogo, punguza kidogo.
- Mlimani usiilazimishe injini iliyochoka. Rudisha gia mapema.
- Abiria mmoja mwepesi anatosha. Magunia na matofali yangoje.
- Ukiwasha asubuhi, iache ingurume dakika moja hivi, kisha uondoke taratibu.

Oili ya kwanza ndiyo muhimu kuliko zote. Inabeba unga wa vyuma uliotoka katika kulainishana huko. Vitabu vingi huagiza ibadilishwe mara ya kwanza kati ya kilomita 500 na 1000. Fuateni namba ya kitabu chenu. Pikipiki nyingi za cc 100 hadi 150 zinatumia karibu lita moja tu. Pesa za lita moja zisiwafanye mpoteze injini. Tena usingoje kubadilisha ndipo uitazame. Itazame kila asubuhi, pikipiki ikiwa imesimama wima mahali pa usawa. Oili chafu msiimwage chini wala karibu na maji. Imwage kwenye dumu uilete kwa fundi.

Baada ya siku chache za kwanza, rudini kwa fundi akaze boliti na spoku, maana hulegea. Mnyororo nao hurefuka ukiwa mpya. Katikati yake uwe na ulegevu wa sentimita 2 hadi 3 hivi. Ukikaza sana unaharibu beringi. Ukilegea sana unaruka na kuweza kufunga gurudumu.

4. MKONO NA MGUU

Wengi watakaojifunza wametoka kwenye baiskeli. Hapo kuna hatari moja ambayo watu hawaisemi. Kwenye baiskeli nyingi, chuma cha mkono wa kushoto ni breki. Kwenye pikipiki ni klachi. Mtu akishtuka mteremkoni, mkono wake wa kushoto unabana kama ulivyozoea. Klachi ikibanwa, injini inaachia gurudumu, na pikipiki inateremka kwa kasi zaidi kuliko mwanzo.

Kwa hiyo siku za kwanza ni za uwanjani, injini ikiwa imezimwa. Kaa juu ya pikipiki, mwenzako aseme kwa sauti: breki ya mbele! Mkono wa kulia. Breki ya nyuma! Mguu wa kulia. Klachi! Mkono wa kushoto. Gia! Mguu wa kushoto. Fanyeni hivyo mpaka mkono ujibu kabla kichwa hakijafikiri. Na mpangilio wa gia uulizwe dukani, kwa sababu pikipiki hazifanani. Nyingine gia zote zinakanyagwa upande mmoja, nyingine ya kwanza iko chini na zilizobaki zinapandishwa juu. Aliyezoea moja akipewa nyingine atapunguza gia akidhani anaongeza.

Kisha breki. Vijana wengi wanaogopa breki ya mbele, wanasema inaangusha. Wanatumia ya nyuma peke yake. Lakini ukifunga breki, uzito unahamia mbele, na kwenye barabara kavu gurudumu la mbele ndilo linalofanya sehemu kubwa ya kazi ya kusimamisha. Tumia zote mbili. Ile ya mbele ibane kama unavyokamua limau, usiibane kama unavyoua nzi. Kwenye changarawe, matope au mchanga, ibane kwa upole zaidi, usukani ukiwa umenyooka.

Na mjue hili juu ya mwendo: ukiongeza mwendo mara mbili, nafasi ya kusimama kwa breki haiongezeki mara mbili, inaongezeka mara nne. Aliyesimama kwa hatua 4 akiwa kilomita 20 kwa saa, atahitaji kama hatua 16 akiwa kilomita 40. Mtoto anayevuka barabara na jeri la maji hana habari ya hesabu hiyo. Dereva ndiye wa kuijua.

5. MKONO WA KUSHOTO WA BARABARA

Hapa naomba mnisikilize hata ninyi msioendesha.

Sisi tuliotoka Kongo, Rwanda na Burundi tumekulia katika nchi ambako magari hupita upande wa kulia. Uganda, Kenya na Tanzania magari hupita kushoto. Ukivuka Bunagana, au ukitoka Kasindi kuingia Mpondwe, upande unabadilika palepale. Aliyekuwa dereva mzuri Goma au Butembo si lazima awe dereva mzuri Mbarara wiki ya kwanza. Ujuzi wake wenyewe ndio unaomvuta upande mbaya.

Mtu anaweza kudhani atakosea kwenye msongamano wa mji. Huko hakosei sana, kwa kuwa anafuata walio mbele yake. Hatari iko mahali pengine, na nawatajia mahali patatu:

Kwanza, asubuhi, barabara ikiwa tupu. Hakuna wa kumfuata, na mazoea ya zamani yanarudi.

Pili, baada ya kusimama upande wa kulia, kwa mfano kumshusha abiria mlangoni kwake. Ukiondoka hapo unabaki kulia bila kujua.

Tatu, unaposhtushwa. Lori linatokea ghafla kwenye kona. Mwili unakimbilia kulia, ulikofundishwa tangu zamani, na kulia ndiko lori linakokuja.

Dawa yake ni alama moja ya kushika. Mkono wako wa kulia ndio unaovuta mafuta. Hapa Uganda mkono huo uwe daima upande wa katikati ya barabara, na mkono wa klachi uwe upande wa majani. Kila unapowasha, kabla ya kuachia klachi, sema kwa mdomo: mkono wa mafuta katikati. Uone haya mwezi mmoja, upone miaka yote.

Ukikata kona kwenda kulia, unapita mbele ya magari yanayokuja. Simama, uyaache yapite. Kwenye mzunguko wa barabara mjini, ingia kwa kushoto, zunguka kama mshale wa saa, na uwapishe wanaotoka mkono wako wa kulia. Anayetembea kwa miguu naye atazame kulia kwanza kabla ya kuvuka, kisha kushoto, kisha kulia tena. Wafundisheni watoto waliofika juzi. Wao wanatazama upande ambao gari halitokei.

6. KOFIA NGUMU

Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 inasema watu wapatao milioni 1.19 walikufa barabarani duniani mwaka 2021, na kwamba ajali za barabarani ndizo zinazoua zaidi watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Hao ni vijana wa umri wa hawa waliosimama nyuma. Uchunguzi uliokusanya tafiti nyingi na kuchapishwa mwaka 2008 ulionyesha kuwa kofia ngumu hupunguza vifo vya waendesha pikipiki wanaopata ajali kwa asilimia 42, na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69.

Lakini kofia iliyotundikwa kwenye usukani haimlindi mtu. Na kofia isiyofungwa kamba chini ya kidevu hutoka kichwani kabla mtu hajafika chini. Funga kamba. Kofia iliyokwisha kupata ajali kubwa isivaliwe tena, hata kama nje haina ufa. Abiria naye anahitaji yake, na sheria inataka hivyo. Abiria ni mmoja. Najua mama mwenye watoto wawili atasema hana nauli ya safari mbili. Kikundi kikinunua mwezi wa kwanza, dereva ana nguvu ya kumwambia: mama, ngoja, nitarudi.

7. USIKU NYUMBANI

Kwa sababu ya wezi, wengi huingiza pikipiki ndani, kwenye chumba kilekile chenye watoto, na pembeni kuna jiko au koroboi. Mvuke wa petroli hauonekani. Hutambaa chini mpaka kwenye moto, kisha moto hurudi nao. Nyumba ya shiti na miti haichukui muda kuungua, na ya jirani iko karibu. Kama hamna banda, chimbieni nguzo imara nje ya dirisha, mfunge fremu kwa mnyororo na kufuli, na majirani mpeane zamu ya kulinda. Fungeni bomba la petroli kama pikipiki yenu inalo. Petroli isikae ndani kwenye chupa, hasa chupa ya soda. Mtoto hunywa.

Bomba la moshi nalo linachoma muda mrefu baada ya injini kuzimwa. Kwenye pikipiki nyingi liko upande wa kulia, basi abiria apande na kushuka kwa kushoto. Aliyeungua amwagiwe maji safi ya baridi dakika 20. Msipake dawa ya meno, mafuta wala majivu. Kisha kituo cha afya.

MASWALI YA WATU

Swali: Kwa nini tusinunue iliyotumika? Bei yake ni ndogo.
Jibu: Mnaweza. Namba za injini na fremu zichunguzwe zaidi, na aliye kwenye kadi aje mwenyewe kuuza. Mje na fundi wenu, si wa muuzaji. Mwezi wa kwanza bado mnauhitaji. Injini imezeeka, lakini dereva bado mgeni.

Swali: Binti yangu anataka kuendesha. Inaruhusiwa?
Jibu: Sheria inauliza umri wa miaka 18 na paamiti. Haiulizi kama ni mwanamume au mwanamke. Mwezi wa kwanza apewe uwanja na mwalimu mvumilivu, kama kijana mwingine yeyote.

Swali: Dereva akianguka katika mwezi huo wa kujifunza, nani atalipa?
Jibu: Swali hilo mlijibu kabla ya kununua, mliandike kwenye kitabu cha kikundi, wote waweke sahihi. Ushauri wangu ni huu: pesa za kwanza ziende kwa mtu, za pili kwa pikipiki. Dereva akijua hivyo hataogopa kusema ukweli. Akiogopa, ataficha ufa wa fremu na maumivu ya mguu, na kesho atambeba mke wako.

Swali: Mwezi mmoja ni mrefu. Wiki mbili hazitoshi?
Jibu: Injini inahesabu kilomita, haihesabu siku. Dereva naye anahesabu makosa. Tazameni kipimo cha kilomita kimefika wapi, oili ya kwanza imebadilishwa, na dereva amekaa wiki nzima bila kuingia upande wa kulia. Hayo matatu yakitimia, mpeni abiria. Yasipotimia, hata mwezi wa pili ni wa kujifunza.

Ndugu zangu, pesa mnazoweka kwenye sanduku zimetoka kwenye posho mliyojinyima na kwenye jembe la shamba la kukodi. Nataka zikae miaka mingi zikileta nauli. Fundi anayewaambia hivi anapoteza wateja, lakini ni heri niwaone mkija kubadilisha oili kuliko kuja na injini ndani ya gunia.

YA KUKUMBUKA

1. Hesabu ni pamoja na malipo ya wiki nne, kofia mbili, karatasi, oili ya kwanza na petroli ya kujifunzia.
2. Mkataba usomwe kwa lugha mnayoielewa kabla ya sahihi.
3. Kilomita 1000 za kwanza: nusu ya mafuta, mzigo mwepesi, oili ibadilishwe mapema.
4. Mkono wa mafuta uwe upande wa katikati ya barabara.
5. Breki zote mbili, kofia iliyofungwa kamba, abiria mmoja.
6. Petroli mbali na moto na mbali na watoto.

Tafadhali karatasi hii ikisomwa ipitishwe kwa jirani, na ibandikwe mahali vikundi vinapokutana.